Bei ya Motokaa Isiyokwisha

Miongoni mwa elimu za biashara ambazo wazee wetu walizihifadhi vichwani bila ya kuziandika, hapana iliyo ngumu, wala hapana iliyosahauliwa na wasomi, kama elimu ya kukitia bei kitu ambacho hakijakamilika. Motokaa nzima ina bei yake sokoni, na chuma chakavu kina bei yake kwa uzito; lakini motokaa ya zamani, hasa ile ya mwendo wa kasi iliyoundwa kwa ajili ya starehe na mashindano, ikiwa imefunguliwa nusu, injini imelazwa juu ya mbao, milango imeegemezwa ukutani na rangi imekwanguliwa mpaka kwenye bati, haimo katika soko hili wala katika lile, na anayetaka kuiuza hana budi kumwendea mtu mwenye kujua. Nimekusudia kueleza jinsi ujuzi huo ulivyozaliwa na kukua, nikianzia hapa petu Bulengera, katika mji wa Butembo, kwa kuwa naitakidi kwamba mambo ambayo nyumba kubwa za mnada za Ulaya na Marekani huyafanya leo kwa fahari na kwa vitabu vyenye picha, watu wa malori wa nchi hii iliyo kati ya Lubero na Beni waliyajua zamani kwa kulazimishwa na maisha.

Mji wetu si wa kale kama Kilwa au Mombasa. Chanzo chake ni kituo cha kampuni ya madini ya Wabelgiji, Minière des Grands Lacs, kilichowekwa mwaka 1928 katika vilima hivi vya baridi vilivyo karibu na mstari wa Ikweta. Na leo mji una komini nne, yaani Bulengera, Kimemi, Mususa na Vulamba. Mji uliozaliwa kwa machimbo, ulio mbali na bahari upande wa mashariki na mbali na mto Kongo upande wa magharibi, hauna uhai ila kwa barabara. Upande wa kusini njia hupita Lubero na Kanyabayonga kuelekea Goma. Upande wa kaskazini, yapata kilomita 54, ni Beni, na kutoka huko njia hugawanyika, moja ikishuka Kasindi penye mpaka wa Uganda, na nyingine ikiingia katika msitu wa Ituri kwa Komanda na Mambasa hata Kisangani. Katika njia hizo Wanande, ambao wenyewe hujiita Wayira, walisimamisha biashara yao ya mboga, maharage, kahawa na dhahabu, na lori likawa kwao rasilimali ya pili baada ya ardhi, likinunuliwa kwa akiba ya ukoo mzima na kutunzwa kwa heshima ileile inayopewa mirathi.

Yafaa ikumbukwe kwamba motokaa ilianza maisha yake duniani ikiwa kitu kisichokamilika. Kampuni ya Rolls-Royce, tangu kuasisiwa kwake mpaka baada ya Vita Vikuu vya Pili, iliuza chasisi na injini tu, na mnunuzi akaipeleka chasisi hiyo kwa fundi wa bodi aliyempenda ili amvishie umbo alilolitaka. Na watengenezaji wengi wa motokaa za fahari za Ulaya walifuata desturi hiyohiyo. Huku Afrika Mashariki desturi hiyo ilikuwa ya wachukuzi, si ya mabwanyenye: lori liliweza kushuka bandarini bila ya bodi, na mafundi, ambao wengi katika zama za ukoloni walikuwa Wahindi na hasa Masingasinga, wakalijengea kitanda na kuta za mbao kwa kadiri ya mzigo na kwa kadiri ya fedha za mwenyewe. Zanzibar bado imehifadhi kumbukumbu ya kazi hiyo katika magari ya abiria yenye mapaa ya mbao yanayoitwa chai maharage, na nchini Kenya mabasi na matatu mengi hujengewa bodi zake papo hapo juu ya chasisi iliyotoka kiwandani tupu.

Basi mtu aliyenunua chasisi, akaijengea bodi nusu, kisha akafiwa, akaugua au akaishiwa, alikuwa na mali ambayo haikuwa tena chasisi mpya wala haijawa lori. Mnunuzi aliyekuja mbele yake alijiuliza maswali mawili: kazi hii iliyofanywa itanifaa mimi, au nitaibomoa? Na iliyobaki itanigharimu kiasi gani mpaka gurudumu litakapoanza kuniletea faida? Kutoka katika maswali hayo mawili ndipo ilipochipuka elimu yote ya makadirio ninayoizungumzia, na mpaka hivi leo mtu ayakadirie malori au azikadirie motokaa za mashindano za miaka 60 iliyopita, hana msingi mwingine wa kusimamia.

Serikali nazo zililazimika kuuliza swali la namna hiyo, maana forodha na kodi hazijui kutoza kitu kisichokuwa na jina. Mwaka 1957 Colin Chapman wa kampuni ya Lotus nchini Uingereza alitoa gari dogo la mashindano lililoitwa Seven. Na kwa kuwa kodi ya ununuzi ya nchi hiyo iliiangukia motokaa iliyokamilika na kuiacha ile iliyouzwa vipande vipande, watu wengi wa kipato cha kawaida waliinunua ikiwa haijaunganishwa, wakaiunda wenyewe majumbani mwao. Sheria ikawa imeipa motokaa isiyokwisha ubora juu ya ile iliyokwisha, jambo la ajabu katika historia ya biashara. Kodi hiyo ilipoondolewa na mahali pake pakaingia kodi ya ongezeko la thamani, tarehe 1 Aprili 1973, faida hiyo ilitoweka, na mwaka huohuo Lotus ikaiachia kampuni ya Caterham haki ya kuendelea na gari hilo. Jirani zetu wa Kenya, katika muongo huohuo, walianzisha viwanda vya kuunganisha magari Thika, Nairobi na Mombasa, ambako vipande vilivyoletwa kutoka ng'ambo viligeuzwa kuwa malori. Na kwa njia hiyo dola nzima ikakubali kwamba kazi ya kukamilisha ina thamani yake peke yake, mbali na thamani ya chuma.

Walakini hapa Kongo elimu hiyo ilinolewa na misukosuko. Uasi wa 1964, uliouteka mji wa Kisangani uliokuwa ukiitwa Stanleyville, uliivuruga biashara ya mashariki yote, na magari mengi yakabaki bila ya wenyewe au bila ya vipuri. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 kuondoka, na pamoja nao wakaondoka mafundi na wauza vipuri ambao eneo zima lilikuwa likiwategemea. Kisha, tarehe 30 Novemba 1973, Rais Mobutu alitangaza hatua zilizokuja kujulikana kama uzairishaji, ambazo kwazo maduka, mashamba na makampuni ya wageni yalitwaliwa na kukabidhiwa wananchi. Na kwa kuwa wengi waliokabidhiwa hawakuwa na uzoefu wala mikopo ya kuagizia bidhaa, shehena zikakatika, na lori lililoharibika gia au ekseli liliweza kusimama miezi na miezi likingoja kipande kimoja. Katika hali hiyo, kuuza lori lililosimama halikuwa tena jambo la aibu. Lilikuwa ni jambo la kila siku, na waliojua kulikadiria bila ya kumdhulumu muuzaji wala kumpoteza mnunuzi wakawa watu wa kuheshimiwa.

Lililozidi yote hayo ni fedha yenyewe. Mwezi Desemba 1979 serikali ilizibatilisha noti kubwa za zaire kwa ghafula, na waliokuwa wameweka akiba majumbani wakaamka ni maskini. Mwaka 1993 ikaja zaire mpya, ambayo moja ilikuwa sawa na zaire za kale 3,000,000. Na mwaka 1998 ikaja faranga ya Kongo, ambayo moja ilibadilishwa kwa zaire mpya 100,000. Mwenye kuhesabu ataona kwamba faranga moja ilisimama badala ya zaire za kale bilioni 300. Nani basi angemlaumu mfanyabiashara wa Butembo aliyeona ni salama zaidi kuweka akiba yake katika injini iliyotiwa grisi na kufunikwa turubai kuliko katika karatasi? Chuma kikikaa kilipata kutu kidogo, ilhali noti ikikaa iliyeyuka yote. Ndiyo sababu makadirio ya mali yakazoea kufanywa kwa dola, kwa dhahabu au kwa kahawa. Na ndiyo sababu motokaa isiyokwisha, ambayo katika nchi nyingine ni mzigo tu uani, hapa iliweza kuwa amana.

Hapa yanipasa nipambanue baina ya lori na motokaa ya mwendo wa kasi, maana asiyepambanua hukadiria vibaya. Lori lina thamani kwa sababu ya kipato chake, na mtu aweza kuhesabu safari za Kasindi au za Kisangani na kujua fedha zake zitarudi lini. Motokaa ya zamani ya mashindano haina kipato. Thamani yake imo katika shauku ya watu, katika uhaba wake na katika habari zake. Shauku hiyo si ya kigeni kwetu. Tangu mwaka 1953, yalipoanzishwa mashindano ya Safari kwa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, barabara za Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa mtihani uliotazamwa na dunia. Mwaka 1965 Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho na fundi wa mikono yake mwenyewe, akiwa pamoja na nduguye Jaswant, alishinda kwa Volvo PV544 iliyokuwa imekwisha kutumika katika mashindano kabla haijafika mikononi mwake. Mwaka 1971 Datsun 240Z ilishinda ikiendeshwa na Edgar Herrmann, na mwaka 1973 ikashinda tena ikiendeshwa na Shekhar Mehta, mtoto wa Uganda aliyehamia Kenya katika zama za Amin.

Mafunzo mawili yatoka katika habari hizo. La kwanza ni la Volvo ya Joginder: motokaa iliyochoka ilikuwa na thamani ndogo kwa mtu wa kawaida na thamani kubwa kwa fundi aliyejua la kuifanyia, kwa hiyo bei ya kitu kisichokamilika haijulikani mpaka ijulikane mkono utakaokikamilisha. La pili ni la Datsun 240Z, ambayo ilipotoka iliuzwa Marekani kwa takriban dola 3,500: mwezi Januari 2020 moja iliyotunzwa ikabaki karibu na hali yake ya kiwandani iliuzwa nchini humo kwa dola 310,000, wakati zile zilizoliwa na kutu, ambayo ndiyo adui mkubwa wa aina hiyo, bado huuzwa kwa sehemu ndogo sana ya kiasi hicho. Wasikiao bei ya kwanza na kuitumia kwa gari lililomo uani kwao bila ya sakafu wala viti hujidanganya nafsi zao.

Mkadiriaji mwenye insafu huanza na nasaba ya gari. Hutazama namba ya chasisi na namba ya injini, akaangalia kama ndizo zilizoandikwa katika kadi, na kama injini ni ile iliyozaliwa na gari au ni ya kuazima. Maana katika motokaa za zamani ushahidi huo peke yake waweza kuongeza au kuondoa sehemu kubwa ya bei. Baada ya nasaba hutazama mifupa: chasisi imenyooka au imepinda, sakafu na vizingiti vya milango vimeliwa kiasi gani, na kama kutu imefichwa chini ya rangi mpya, kwa kuwa mvua ya milima yetu haina huruma na bati lililoachwa wazi. Kisha huhesabu vilivyopungua. Injini yaweza kufufuliwa na fundi hodari, na ngozi ya viti yaweza kushonwa. Lakini taa ya asili, kioo cha mbele kilichopindwa kwa umbo la gari hilo tu, au saa za dashibodi, ni vitu vinavyoweza kumzungusha mtu miaka, na kila kinachokosekana hukatwa katika bei zaidi ya gharama yake, kwa sababu hubeba pia taabu ya kukitafuta.

Ndipo sasa huja hesabu yenyewe. Tuseme gari hilo likikamilika lingeuzika kwa dola 30,000. Fundi anakisia kwamba kazi iliyobaki itamaliza dola 12,000. Mkadiriaji, akijua kwamba gari lililofunguliwa huficha maradhi, huongeza robo, yaani dola 3,000. Na kwa kuwa anayenunua hafanyi kazi ya sadaka, humwachia dola 4,000 za subira na faida yake. Iliyobaki ni dola 11,000, na hiyo ndiyo bei ya haki ya leo. Ikiwa mwenyewe amekwisha tumia dola 22,000, nusu ya fedha zake hazitarudi, na hapana hoja wala machozi yatakayozirudisha. Maana mnunuzi hamlipi muuzaji kwa gharama zake, humlipa kwa umbali uliobaki. Hili ndilo neno zito kuliko yote katika elimu hii, na ndilo ambalo wenye mali hulikataa kwa nguvu zaidi, kwa sababu mtu huipenda kazi yake na hudhani kwamba mapenzi hayo ni sehemu ya gari.

Juu ya hayo, nchi yetu ina jambo lake la pekee. Kongo huendesha upande wa kulia wa barabara, na jirani zetu wa mashariki, Uganda, Kenya na Tanzania, huendesha upande wa kushoto. Na magari mengi yaliyotumika Japani, yenye usukani wa kulia, hutuingilia kwa bandari ya Mombasa na mpaka wa Kasindi. Dubai, ambako wafanyabiashara wa Butembo wamekuwa wakienda kununua bidhaa tangu mwishoni mwa karne iliyopita, kuna mafundi wanaohamisha usukani kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kwa gari la kazi uhamisho huo, ukifanywa vyema, ni manufaa. Kwa motokaa ya zamani ya fahari ni jeraha, kwa kuwa humwondolea mnunuzi wa mbali kile anachokitafuta, yaani gari kama lilivyotoka kwa muundaji wake. Kwa hiyo kazi ileile yaweza kuongeza thamani Bulengera na kuipunguza Nairobi au Ulaya, na mkadiriaji asiyeuliza gari litauzwa wapi amejibu swali ambalo halijakamilika.

Mwenye shaka kwamba magari yaliyoachwa nusu yaweza kuwa na heshima, na atazame yaliyotokea Paris tarehe 6 Februari 2015. Roger Baillon, Mfaransa tajiri wa malori, mtu wa uchukuzi kama walivyo wengi wa wakubwa wa Butembo, alianza katika miaka ya 1950 kukusanya motokaa za fahari kwa nia ya kuzitengeneza na kuziweka katika jumba la makumbusho. Biashara yake ikaanguka katika miaka ya 1970, baadhi ya magari yakauzwa, na yaliyobaki yakakaa miongo mingi chini ya mapaa mabovu, yakipata kutu, bila ya kukamilishwa kamwe. Magari 59 yaliponadiwa na nyumba ya Artcurial, Ferrari moja ya aina ya California Spider, iliyokutwa imefunikwa kwa magazeti ya zamani, iliuzwa kwa zaidi ya yuro milioni 16. Hata hivyo tusijifunze somo la uongo. Ferrari ile haikupata bei kwa sababu ilikuwa mbovu; ilipata bei kwa sababu ilikuwa miongoni mwa chache mno duniani, nasaba yake ilijulikana, vipande vyake vilikuwamo, na hapana fundi mbaya aliyekuwa ameigusa. Mengine katika ukumbi uleule, yaliyooza na yasiyo na jina kubwa, yaliuzwa kwa bei za chini mno kuliko hiyo.

Nikiyakusanya haya yote, naona kwamba kutoka chasisi tupu za zama za Wabelgiji hadi mnada wa Paris, kanuni haikubadilika: thamani ya kitu kisichokwisha ni thamani ya ukweli unaojulikana juu yake. Anayeficha ufa wa chasisi huiba mara moja na kupoteza jina lake daima, maana mji wetu umesimama juu ya maneno ya watu waliokopeshana mali bila ya hati. Na anayeonyesha ufa huo, akataja nani aliuchomelea na lini, huongeza bei badala ya kuipunguza, kwa kuwa humwondolea mnunuzi ile robo ya hofu niliyoitaja katika hesabu.

Kwa sababu hiyo natoa nasaha mbili kwa watu wa Bulengera na kwa wote wanaofanya kazi hii katika Butembo na Beni. Kila gereji na iwe na daftari la gari lisilokamilika, ndani yake iandikwe namba ya chasisi, kazi iliyofanywa, jina la fundi, tarehe, vipande vilivyonunuliwa na vilivyokosekana, pamoja na picha. Daftari kama hilo halizidi bei ya chakula cha mchana, na siku ya kuuza laweza kuwa na thamani kuliko injini. Na Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, kilichoasisiwa hapa mjini mwaka 1989, na kiwatume wanafunzi wake kwa mafundi na madereva wazee waliopitisha malori katika uzairishaji na katika miaka ya noti zilizokufa, wawaulize walikuwa wakikadiria vipi, na wayaandike majibu yao kwa Kiswahili na kwa Kinande. Ujuzi huo ni sehemu ya historia ya nchi hii kama ulivyo mgodi na kanisa, na waliouhifadhi wanazeeka. Kuuandika ni deni letu, na deni hilo lina muda wake.